Soya imefika mpaka mlangoni kwa nyuki wangu, nihame au nikae?

Swali kwanza, nalifupisha maana dada aliandika kirefu. Ana shamba la urithi, sehemu analima mahindi, maharage na maboga humo humo, sehemu nyingine anaiacha ipumzike miaka kadhaa iote vichaka, na ana mizinga 34, mingi ya magogo, michache ya kisasa. Misimu miwili iliyopita kampuni ilikodi ardhi yote inayomzunguka, katapila zikafyeka mpaka pakabaki udongo mtupu, ikapandwa soya, na dawa inapigwa kwa ndege. Mizinga 11 imekufa, iliyobaki inatoa asali kiduchu. Majirani wamegawanyika, wengine wanapata vibarua huko hawataki kusikia habari za nyuki. Anauliza, hivi kweli nyuki na mashamba makubwa haviwezi kukaa pamoja, na je ahamishe mizinga au akae apambane?

Dada yangu pole sana. Nipo kwenye mambo ya nyuki muda mrefu na siku hizi hili ndo swali naulizwa kuliko yote, zao tu ndo linabadilika, leo soya kesho michikichi keshokutwa pamba, stori ni ile ile. Jibu fupi ni usihame, au niseme vizuri, usihamishe yote. Ila naomba usome mpaka mwisho maana watu wengi wanapigana na nusu ya tatizo, na ile nusu nyingine ndo inakuja kuwamaliza.

Umeandika "wananiulia nyuki kwa sumu". Inawezekana kabisa. Lakini hebu nikuulize, hiyo mizinga 11 ulipoifungua ulikuta nini? Maana ukikuta lundo la nyuki wamekufa mbele ya mlango, ulimi umetoka nje, wengine wanatetemeka wanajizungusha chini hawawezi kuruka, na ndani asali ipo na majana (watoto wa nyuki) yapo, hiyo ni sumu tena ya karibuni. Ukikuta mzinga mkavu, asali hamna hata tone, nyuki wachache wamekufa vichwa vimezama ndani ya vitundu vya sega kama walikuwa wanalamba, hiyo ni njaa. Ukiona nyuki wana mbawa zimejikunja kama karatasi iliyolowa, fikiria utitiri wa varoa kabla hujamlaumu mtu yeyote. Na kuna wakati hukuti maiti hata moja, masega tu, wamehama zao.

Kwanini nakazania hili, kwa sababu sumu inaua mchana kweupe, mtu anapiga picha anasambaza kwenye simu, kila mtu anashtuka. Njaa haina picha. Mzinga unapungua pole pole, mwaka huu debe, mwakani nusu, mwaka wa tatu kimya, na kampuni inasema "mbona sisi hatujapiga dawa mwezi huo", na kweli hawakupiga. Mi naona kabisa, na wenzangu wengine hawakubaliani na mimi, kwamba yale makatapila yaliua nyuki wengi kuliko ile ndege.

Angalia hesabu. Nyuki wa asali kwa kawaida anatafuta chakula ndani ya kilomita 2 au 3 kutoka mzingani, akizidiwa na shida anafika hata 10. Chukua kilomita 3 tu kila upande, hilo duara ni kama hekta 2,800. Hilo ndo shamba la mzinga wako dada, we una karatasi ya hekta chache katikati yake, hizo nyingine zote ulikuwa unalima bure bila kujua kupitia nyuki. Na kundi moja lenye afya linataka kilo 20 au zaidi za chavua kwa mwaka, bado mbochi ya kutengenezea asali, na vinatakiwa vije mwaka mzima kwa kupokezana, mti huu ukimaliza kuchanua ule unaanza, miti ikimaliza yanaanza magugu ya shambani. Zao moja kubwa hata kama lina maua mazuri linachanua lote kwa mkupuo kisha basi. Wenye lozi wa California ndo mfano mzuri, mashamba yale hayazai bila nyuki kwa hiyo kila Februari inasafirishwa mizinga zaidi ya milioni 2 kwa malori kutoka kona zote za Marekani, maua yanakaa wiki chache, na yakiisha mizinga lazima ipakiwe iondoke maana ikibaki pale itakula nini? Hao ni watu wenye malori. We una magogo juu ya miti.

Soya yenyewe haina ugomvi na nyuki, hapo nikujibu ile sehemu ya kwanza ya swali lako. Ua la soya linajichavusha lenyewe, ni dogo, ila nyuki wanalitembelea, na Brazil watafiti walishaonyesha kwamba nyuki wakiwepo mavuno ya soya yanaongezeka. Kwahiyo mtu akikwambia ni lazima kuchagua kati ya soya na nyuki anakudanganya. Tatizo ni jinsi inavyolimwa: hakuna ukingo, hakuna kichaka, hakuna gugu, mstari wa soya unaanza barabarani unaishia mtoni. Na ile mbegu iliyotengenezwa kustahimili glaifosati, dawa ya kuua magugu, imefanya kazi hiyo iwe rahisi sana, unapiga dawa juu ya kila kitu, soya inabaki, mengine yote yanakauka. Glaifosati sio dawa ya wadudu, haiangushi nyuki hapo hapo kama fipronili ambayo ni dawa ya kuua wadudu, na wauzaji wanapenda sana kulisema hilo. Ila mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Texas walionyesha inavuruga bakteria wazuri wa tumboni mwa nyuki akawa mwepesi kushikwa na maradhi, na hata tukiliacha hilo, dawa inayoua kila ua lisilo zao inakuwaje haimdhuru mdudu anayeishi kwa maua? Mi huwa nacheka, ni sawa na kumwambia mtu sijakugusa nimechoma tu ghala lako.

Sasa hapa ndo pa kwako, sikiliza vizuri. Ile sehemu ya shamba unayoipumzisha watu wanaiita pori, wanasema umelitelekeza, na nina uhakika kuna mtu ameshakuambia ukodishe maana "halifanyi kazi". Rasi ya Yucatán kule Meksiko wakulima wa Kimaya wanalima kama wewe, mahindi maharage na maboga pamoja, wanaita milpa, kisha wanahamia kipande kingine cha zamani kinajirudia kichaka. Kwenye hizo sehemu zilizopumzishwa na pembeni mwa njia unaota mmea wa maua ya njano wanauita tajonal, ukiuona utasema gugu, lakini asali nyingi ya msimu wao inatoka kwenye hilo gugu, baadaye miti ya msitu kama ts'its'ilche' inapokea. Yaani kilimo chao na asali yao ni kitu kimoja, ukigusa kimoja umegusa kingine. Hata wewe hivo hivo. Kile kichaka chako ndo ghala la nyuki kwa sasa, na baada ya zile katapila inawezekana ndo ghala pekee lililobaki ndani ya hizo hekta 2,800, kwa hiyo kabla ya kupambana na mtu yeyote naomba usikikodishe wala kukifyeka.

Tukija kwenye sumu. Ndege ndo njia mbaya kuliko zote maana upepo unabeba, lakini sio njia pekee. Kuna dawa inapakwa kwenye mbegu. Mwaka 2008 kusini magharibi mwa Ujerumani, bonde la mto Rhine, mbegu za mahindi zilipakwa klothianidini, dawa ya kuua wadudu, ikawa haijashika vizuri, mashine za kupandia zinazotumia hewa zikapuliza lile vumbi kwenye maua ya jirani, makundi ya nyuki kama 11,500 yakaathirika, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amepiga dawa siku hiyo, walikuwa wanapanda tu! Baada ya mabishano ya miaka Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya klothianidini na wenzake wawili, imidaklopridi na thiamethoksamu, kwenye mashamba ya wazi kuanzia 2018. Brazil nako kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019 wafugaji waliripoti nyuki kama nusu bilioni wamekufa ndani ya miezi mitatu, na fipronili ikawa inakutwa kwenye maiti. Kwahiyo andika tarehe za kupanda pia, sio za ndege peke yake.

Siku ukikuta maiti usianze kupiga simu, anza kuokota. Chukua nyuki wanaokufa au waliokufa muda ule ule, kama 200 hadi 300, waliokaa juani siku mbili hawafai maana dawa inaoza haraka. Weka kwenye mfuko wa karatasi au chombo safi, gawanya mafungu mawili, andika tarehe saa na mzinga gani, tia kwenye friza igande kabisa. Kwanini mawili, fungu moja ni la maabara na moja linabaki kwako, maana sampuli ikishatoka mkononi mwako inaweza "kupotea", nimeliona hilo zaidi ya mara moja na sitasema zaidi. Chukua na majani na maua ya ukingo wa soya upande upepo ulikotokea. Piga video ya nyuki wanaotetemeka, ndege ikiwa inapita piga nayo. Awepo shahidi asiye ndugu yako, ikiwezekana afisa wa kilimo au wa nyuki, aandike na kusaini. Bila hivi vitu kesi yako ni maneno, na kampuni ina mwanasheria anayelipwa kusikiliza maneno.

Kuhusu kufunga mizinga siku ya dawa. Watakupigia labda, watakuambia "mama funga mizinga kesho tunapiga", na utadhani wamekufanyia hisani. Nyuki wakifungiwa kwenye joto bila hewa wanakufa wenyewe, mi mwenyewe nilishaua mizinga 6 hivyo nikiwa kijana, niliziba milango alfajiri nikaenda mjini nikachelewa kurudi, masega yameyeyuka asali inatiririka mpaka chini, sitasahau ile harufu. Kama ni lazima funga usiku, fungua mapema iwezekanavyo, weka wavu wa hewa, kivuli, na maji. Mizinga ya magogo ndo haifungiki vizuri, ina nyufa kila mahali. Cha kuwadai sio wewe ufunge, ni wao wapige jioni nyuki wakisharudi, wasipige soya ikiwa imechanua, wasipige kukiwa na upepo, na wakupe taarifa ya maandishi saa 48 kabla ikiwa na jina la dawa. Jina la dawa ni muhimu kuliko yote, maabara inatafuta inachoambiwa itafute.

Na kuhama? Kuhamisha mzinga sio kama kuhamisha mbuzi. Ukiupeleka kilomita 1 au 2 nyuki waliozoea kutoka wanarudi pale pale ulipokuwa, wanazunguka hewani mpaka wanakufa, inabidi uende zaidi ya kilomita 5, usiku, na gogo lenye masega yaliyojishika juu ukilitikisa barabarani sega linakatika linamfunika malkia na mchezo umeisha. Mizinga ya kisasa yenye fremu inasafiri vizuri, hiyo hamisha kama una pa kuipeleka, iwe mbegu yako endapo mambo yataharibika. Magogo yabaki. Na kama unao wale nyuki wadogo wasiouma wanaokaa kwenye mashina, hao ndo kabisa, malkia wao akishaanza kutaga tumbo linavimba hawezi kuruka tena, mti ukiangushwa kundi lote linakwisha labda uwahi kukata lile gogo zima ukalibeba. Wenye katapila hawalijui hilo. Waambie mapema, kabla ya mti.

Halafu kuna sababu ya kisheria ya kubaki, na hii naona wanasheria wenyewe wanaisahau. Ukiondoka, mwaka ujao watasema hapa hapakuwahi kuwa na nyuki.

Nikupe kisa cha Hopelchén, wilaya ya jimbo la Campeche, hapo hapo rasi ya Yucatán, maana ndo kinafanana na chako sana. Juni 2012 serikali ya Meksiko iliipa Monsanto, kampuni kubwa ya mbegu na dawa, kibali cha kupanda soya ya GMO (iliyobadilishwa vinasaba) hekta 253,500 kwenye majimbo saba. Wafugaji nyuki wa Kimaya wakakataa, mmoja wa viongozi wao ni mama anaitwa Leydy Pech, anafuga wale nyuki wasiouma ambao Wamaya wanawaita xunan kab. Kilichowashindia mahakamani sio hoja kwamba soya ni mbaya, hiyo wangebishana mpaka leo na kila upande una profesa wake. Ni hoja kwamba hatukuulizwa. Meksiko ilisharidhia mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1989, unaosema watu wa asili lazima washauriwe kabla ya jambo linalowagusa, na Novemba 2015 mahakama ya juu kabisa ya nchi ikakubali, ikasimamisha upandaji mpaka watu washirikishwe. 2017 kibali kikafutwa. 2020 huyo mama akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Kilichowabeba sio kelele. Kwanza walikuwa na soko la kulionyesha, asali yao nyingi inaenda Ulaya, na huko mwaka 2011 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishaamua kwenye kesi ya mfugaji mmoja wa Bavaria, Karl Heinz Bablok, kwamba asali yenye chavua ya zao la GMO haiwezi kuuzwa bila kibali. 2014 Ulaya ikalegeza kidogo, ikasema chavua ni sehemu ya asali yenyewe sio kiungo kilichoongezwa, ila wanunuzi walishaogopa, na mwaka huo huo watafiti wakakuta chavua ya soya ya GMO kwenye asali za Yucatán. Hasara ikawa na sura. Pili walipima, glaifosati ikakutwa kwenye maji na kwenye mikojo ya watu wa Hopelchén, hapo hata asiyefuga nyuki akageuka akasikiliza. Umeona? Yule jirani yako wa kibarua hajali nyuki, ila kisima kimoja mnachota wote, na yeye ndo anachanganya hiyo dawa kwa mikono. Mwendee kwa hilo, usimwendee na nyuki. Na usimtukane kwa kwenda kibarua, kila mtu ana nyumba ya kulisha.

Lakini sikudanganyi, kushinda mahakamani hakukurudisha msitu. Hopelchén waliendelea kukata miti baada ya hukumu, kampuni na wakulima wakubwa hawahitaji mbegu ya GMO kufyeka, na mwaka 2023 mizinga kwa maelfu ilikufa huko tena, safari hii fipronili. Ndo maana nilianza na njaa. Ukizuia ndege ukaacha vichaka vife, utakuwa umeshinda kesi huna nyuki.

Kwahiyo ukikaa nao mezani, na kaa nao, usikatae kikao, dai ukingo kuliko fidia. Fidia ya mizinga 11 watalipa siku moja wapige picha na wewe. We omba wasifyeke kandokando ya mito na barabara, waache mistari ya miti ya asili kati ya vitalu, ndege isipite karibu na mpaka wako bali watumie mashine ya chini, na yaandikwe, yasainiwe mbele ya serikali ya mtaa. Waambie pia kwamba nyuki wanaongeza soya, hawataamini mwanzoni ila meneja wa shamba anaelewa lugha ya mavuno. Wakubwa wao wasipoelewa, basi ile barua uliyowaandikia wakaipuuza inakuwa ushahidi.

Wiki hii fanya hivi. Chora ramani hata kwa mkono, mizinga yote 34 ilipokuwa, iliyokufa weka alama, kisha chora duara la kilomita 3 uonyeshe msitu uliobaki, vitalu vya soya, maji. Nunua daftari moja la kuandika kila siku ndege inapopita, upepo ulikuwa unaelekea wapi, maua gani yamechanua, mzinga gani una nyuki wengi. Watafute wafugaji wengine ndani ya hilo duara hata kama mlishagombana, watano wakiwa na daftari tano zinazosema kitu kimoja hakuna afisa atakayewaambia mnaota. Halafu urudi kuangalia yale masega ya mizinga iliyokufa kama hujayayeyusha bado, uniandikie ulikuta asali au vichwa vimezama, maana jibu la hapo ndo litaniambia kesho tuanze na ndege au tuanze na katapila.